Baba na watoto watatu nyumbani wikiendi nzima: naomba mpangilio unaofanya kazi

Baba_Watatu:

Wakuu, habari za jioni. Kuanzia Jumamosi hii mama watoto anaingia zamu za wikiendi kwa miezi miwili. Anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi saa moja usiku. Nabaki na watoto watatu: mkubwa miaka minne na nusu, wa kati miaka miwili na miezi miwili, mdogo miezi tisa. Mdogo anatambaa na ameanza kusimama kwa kushikilia vitu. Mchana analala mara mbili. Wa kati analala mara moja. Mkubwa ameshaacha kulala mchana.

Kulisha, kubadilisha nepi na kuogesha si tatizo. Kinachonishinda ni mtiririko wa siku. Siku inakatika mahali pawili: saa tano asubuhi wa kati anaanza kulilia kila kitu, hata kikombe chenye rangi asiyoitaka, halafu saa kumi na moja jioni wote watatu wanachachamaa, na hapo ndipo nimesimama jikoni. Nyumba ina sebule moja, vyumba viwili na uwanja mdogo mbele.

Naomba msaada kwenye mambo matatu: usingizi na milo ipangweje, michezo ipi ya vitu vilivyomo ndani, na nimlindeje mdogo wakati mkubwa anachezea vitu vidogo. Runinga sitaki iwe jibu la kwanza, ila sisemi kwamba haitawashwa.

Mlezi_Chekechea:

Baba Watatu, anza na usingizi, michezo iache kwanza. Siku ya watoto wadogo husimama juu ya usingizi na chakula. Mchezo unajaza nafasi iliyobaki katikati. Ukianza na michezo utachoka wewe kabla yao.

Kilio cha saa tano kina sababu mbili zilizokutana: njaa na usingizi. Mtoto wa miaka miwili aliyeamka saa kumi na mbili na nusu, saa tano ameshakaa macho saa nne na nusu, na kama alikunywa chai saa moja, tumbo limeshaisha. Ukingoja chakula cha mchana cha saa saba, umechelewa. Dalili zinatangulia kilio: anajikwaa pasipo na kitu, anasugua macho, anaangusha kile alichokishika vizuri muda si mrefu. Ukiziona hizo, usimwongezee mchezo wa kumchangamsha. Mpe chakula.

Kwa umri wa hao wako mimi ningepanga hivi. Kifungua kinywa saa moja. Mdogo alale saa tatu na nusu hadi kama saa tano kasorobo. Anapolala tu, wakubwa wapate kitafunwa kidogo na maji. Chakula cha mchana kiwe saa tano na nusu, na saa sita na nusu wa kati awe kitandani. Mdogo, akiwa amekaa macho takribani saa tatu, analala tena saa nane kasorobo. Wa kati anaamka saa nane na nusu, mdogo saa tisa na robo. Umeona hapo katikati? Kuanzia saa nane kasorobo hadi saa nane na nusu wadogo wote wawili wamelala. Dakika arobaini na tano hizo ndizo za thamani kuliko zote katika siku yako, usizitumie kuosha vyombo.

Wa kati asipitilize saa tisa alasiri. Akilala hadi saa kumi, usiku utamkuta saa tatu bado anaruka kitandani. Mwamshe taratibu: fungua pazia, acha sauti za kawaida za nyumba ziingie, mpe maji. Ukimnyanyua ghafla atalia nusu saa.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja hadi miwili, na 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu hadi minne, usingizi wa mchana ukiwemo. Jumlisha za wako kwa siku tatu mfululizo. Kama wa kati anapata tisa, tatizo lako la saa tano limeanzia usiku uliopita.

Mkubwa naye, ingawa halali, apewe saa ya utulivu: yuko chumbani au kwenye mkeka, ana vitabu vitatu na karatasi ya kuchorea, hazungumzi na mtu kwa dakika thelathini. Anza na kumi Jumamosi ya kwanza, ongeza tano kila wiki. Akitoka mara mbili mrudishe bila hotuba. Hata hivyo usimlazimishe kufumba macho. Ukifanya hivyo, saa ya utulivu inageuka vita, na utakuwa umeipoteza kwa miezi yote miwili.

Mikono_Kazi:

Kwenye michezo nitakuongezea, maana hapo wengi huandaa kwa nusu saa kitu ambacho mtoto anakichezea dakika tatu.

Kanuni ya kwanza: dakika kumi za mwanzo wewe uwe chini sakafuni, ndani ya mchezo, simu iko mbali. Baada ya hapo jiondoe pole pole bila kuaga. Mtoto aliyeshiba uwepo wako anaendelea mwenyewe. Yule uliyemtupia kikapu cha midoli ukaondoka atakufuata hadi jikoni. Wa miaka miwili hukaa kwenye kitu kimoja kati ya dakika tano na kumi, wa minne na nusu anaweza kufika nusu saa. Kwa hiyo usipange mchezo mmoja wa saa nzima.

Ya pili: Ijumaa usiku ficha midoli mingi. Acha nje vitu sita hadi vinane. Vilivyofichwa vitoke Jumapili asubuhi, vitapokelewa kama vipya.

Maji. Hakuna kinachomtuliza wa miaka miwili kama maji. Tandika taulo uwanjani, weka beseni pana lenye maji ya kina cha sentimita tano, vikombe viwili visivyolingana, chujio na sifongo. Mtazame anavyofanya: anajaza kikombe kikubwa, anamimina kwenye kidogo, yanamwagika, anasimama kidogo kutazama mkono wake uliolowa, anarudia. Usimwelekeze wala usimwambie anakosea, hapo ndipo anajifunza ujazo. Wewe kaa umbali wa mkono, usiondoke hata kwa sekunde chache, na akimaliza beseni limwagwe papo hapo. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji hayo hayo machache.

Donge la kuchezea. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia, na maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe 1. Maji yaingie kidogo kidogo mwishoni. Robo ya mwisho huenda usiihitaji. Kanda dakika tano hadi nane. Likinata vidoleni ongeza unga kijiko kimoja kimoja, likipasuka pasuka ongeza maji kijiko cha chai kimoja kimoja. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri. Likitoka jasho siku ya pili si kwamba limeoza: chumvi huvuta unyevu, nyunyizia unga ukande upya. Mtoto mwenye mkwaruzo mkononi litamwasha, kwa hiyo kagua mikono kwanza.

Povu. Vikombe 3 vya maji, nusu kikombe cha sabuni ya maji ya vyombo, vijiko 2 vikubwa vya sukari iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto kidogo. Koroga taratibu, usitikise: mapovu madogo ya juu ndiyo yanayofanya makubwa yapasuke. Tengeneza Ijumaa usiku, likilala linakuwa zuri zaidi. Tumia kitanzi cha waya uliofungwa plasta kwenye ncha, usitumie mrija. Wa miaka miwili akipewa mrija anavuta badala ya kupuliza na anameza sabuni. Lipulizwe nje tu, maana sakafuni ndani linateleza sana.

Nyumba ya shuka. Viti viwili, migongo ikitazamana, nafasi ya mita moja katikati, shuka juu, vibanio vya nguo vitatu kila upande. Kosa la kawaida ni kuweka vitu vizito juu ya shuka ili isiteleze. Mtoto akivuta vinamwangukia kichwani. Uzito uwekwe kwenye makalio ya kiti, chini, ili kiti kisipinduke. Acha pande mbili wazi. Taa ya umeme isiingie humo wala isiguse shuka.

Mteremko wa magari. Huu ni wa mkubwa. Kipande cha kadibodi cha kama mita moja, kunja kingo zake sentimita tano kila upande ziwe kama kuta. Bila kuta gari linatoka nje na mchezo unakufa. Egemeza kwenye mto wa kochi. Awekee alama ya tepu ya karatasi mahali kila gari linapoishia, kisha muulize kabla ya kuliachia: hili litafika wapi? Ongeza mto wa pili, muulize tena. Nusu saa inaisha bila wewe kujua.

Muuguzi_Watoto:

Nimesoma yote hapo juu, ni mazuri, ila donge la chumvi nina neno juu yake. Kikombe kizima cha chumvi humo ni kingi sana kwa mtoto mdogo. Mdogo akimeza bonge anaweza kudhurika vibaya. Litoke mdogo anapolala tu, juu ya meza, na ufagie chini yake kabla hajaamka. Kama wa kati bado anapeleka kila kitu mdomoni, mtengenezee la unga, maji na mafuta bila chumvi, litupwe jioni hiyo hiyo.

Kuhusu vitu vidogo, chukua kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni. Chochote kinachopita kwenye tundu lake hakifai kuwa karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mkubwa apewe sehemu yake ya juu: meza na sinia lenye kingo, vitu vyake vidogo vikae humo tu, yeye asimame au akae kwenye kiti. Mwambie sababu kwa maneno mafupi, "Mdogo akimeza hiki hatapumua," na umpe kazi ya kukagua sakafu pamoja nawe kabla mdogo hajashushwa. Watoto wa umri huo huichukua kazi hiyo kwa uzito.

Kisha wewe mwenyewe piga magoti, tambaa sebule nzima ukiwa kwenye kimo cha mdogo. Kwa kuwa ameanza kusimama kwa kushikilia, tafuta vitu vinavyovutika: kitambaa cha meza chenye chai ya moto juu yake, waya wa pasi, kabati jembamba lisilofungwa ukutani, runinga iliyosimama tu. Fungua pia rimoti na midoli yenye taa utazame betri. Betri bapa ndogo zenye umbo la sarafu ndizo hatari kubwa. Ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Ukihisi amemeza, usimtapishe, nenda hospitali hapo hapo hata kama anacheka.

Chakula: zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, kuzikata duara hakusaidii kwa sababu duara ndilo linaloziba. Karanga na jamii yake zikiwa nzima wasipewe walio chini ya miaka mitano. Wote wawe wanakula wakiwa wamekaa, si wakikimbia.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Kama kikohozi hakina sauti au hawezi kulia, kwa mdogo wa chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Haijatoka, mgeuze chali, sukuma kifua mara 5 katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia. Tumbo la mtoto wa umri huo halisukumwi. Kwa wale wawili wakubwa ni mgongo mara 5, kisha tumbo mara 5, juu ya kitovu, ukivuta ndani na juu. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akilegea, piga simu ya dharura na uanze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua. Jizoeze mikao hii leo kwa mdoli, na mama yao akiwepo.

La mwisho, dawa. Watoto wengi hupewa dozi mara mbili kwa sababu mzazi mmoja alitoa akaondoka bila kusema. Bandika karatasi kwenye friji: jina la mtoto, dawa, mililita ngapi, saa ngapi. Parasetamoli dozi na dozi ziachane angalau saa nne, zisizidi nne kwa saa 24, kipimo kifuate uzito wa mtoto, na upime kwa bomba lililokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Baba_Watatu:

Asanteni sana, nimeandika kila kitu, na kabati tayari nimegundua halijafungwa ukutani. Mbili zimebaki. Jioni ya saa kumi na moja nifanyeje? Na wa kati nikimwambia "dakika tano tuingie ndani" ni kama sijasema, nikimbeba ni vurugu hadi mlangoni.

Baba_Pacha:

Mkuu, hizo dakika arobaini na tano ambazo wadogo wawili wamelala ndizo za kupikia chakula cha jioni. Kama mkubwa anaimudu saa ya utulivu, unapika peke yako. Kama bado, mpandishe kwenye kigoda kilicho imara, mbali na jiko, achambue mboga na kuosha. Chakula kikiwa tayari tangu saa nane na nusu, jioni unapasha tu. Chagua chakula cha sufuria moja kinachokubali kupashwa. Jumamosi pika cha siku mbili, Jumapili usipike kabisa.

Wakishaamka wote, saa tisa na nusu wapate kitafunwa, na saa kumi mtoke nje hata kama mnazunguka uwanja tu. Mwongozo ule ule wa 2019 unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wajongee angalau dakika 180 kwa siku, na wa miaka mitatu na minne dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Asubuhi mkizifanya nusu, alasiri nusu, jioni inakuwa nyepesi. Chakula cha jioni mezani saa kumi na moja na nusu. Najua kwa wengine ni mapema mno, lakini saa kumi na moja yako ni ile saa tano yako imerudi: njaa na uchovu.

Kuhusu "dakika tano": mtoto wa miaka miwili hana dakika kichwani. Mpe kitu kinachohesabika. "Rusha mpira mara tatu, halafu tunaingia." Hesabu naye kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kisha mpe kitu cha kubeba hadi ndani, mpira wenyewe au ndoo yake, awe na kazi anapovuka mlango. Likigoma, mbebe kwa utulivu na umtajie kinachofuata, "tunakwenda kunawa mikono." Usimwongezee ya nne. Ukiongeza mara moja tu, tatu haina maana tena wikiendi nzima.

Kuoga, mimi natofautiana na wanaoogesha wote pamoja. Mtu mzima mmoja hawezi kushika watatu wenye sabuni. Ogesha mdogo kwanza, wale wawili wakiwa wamekaa mlangoni na kitabu mahali unapowaona, kisha wao wawili, mdogo akiwa amefungwa kwenye kiti chake hapo hapo. Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yaongezwe juu yake, yafike kama nyuzi 37, upime kwa kiwiko. Kiganja cha mtu mzima kimezoea moto. Taulo, nepi na nguo ziwe hapo kabla bomba halijafunguliwa.

Runinga, kama itawashwa, ipe nafasi moja tu isiyohama: wakati unamlaza mdogo. Kwa umri wa hao wawili kikomo ni saa moja kwa siku, na nusu saa inakutosha. Mdogo hapaswi kutazama kabisa. Chagua kipindi chenye mwisho wake, zima ile ya kuendelea yenyewe, ili kipindi ndicho kiseme kimekwisha na wewe usiwe adui.

Jambo ambalo hukulitaja: mama anarudi saa moja, ndiyo saa ya kulala. Mdogo asimsubiri. Ameamka saa tisa na robo, saa moja kasorobo awe kitandani, la sivyo atachoka kupita kiasi na kuamka usiku mara kadhaa. Hao wawili wamsubiri wakiwa wameshaoga, wamevaa nguo za kulalia, wamechagua vitabu viwili, taa zimepunguzwa. Akiingia anasoma yeye, wewe unatoka chumbani. Mezani muachie karatasi: nani alilala saa ngapi hadi saa ngapi, nani amekula nini na kuacha nini, nepi za mdogo zilikuwa ngapi, dawa kama ipo. Usimpigie simu kazini kuuliza nguo ipi au kikombe kipi. Amua mwenyewe, na Ijumaa usiku mzunguke wote wawili nyumba nzima akuonyeshe vilipo: kipimajoto, nepi za akiba, kadi za kliniki.